Marehemu Alikuwa Mchapakazi

Kufikia mwaka wa elfu mbili na sita, Wakhungu alikuwa ameandika historia za marehemu mia tatu na kumi na wawili, na kati ya hao wote hakuwepo mvivu hata mmoja. Jambo hilo lilimjia tena na tena akiwa juu ya baiskeli asubuhi, ukungu ungali umeyalalia mahindi ya kijiji cha Kwanza, umegoma kuamka. Kama wanaokufa ni wachapakazi peke yao, aliwaza huku akikanyaga pedeli polepole, basi nchi hii imeachiwa nani?

Ndiyo kazi aliyokuwa nayo. Kuanzia Kwanza mpaka Sirisia mtu hazikwi hivi hivi. Lazima kwanza maisha yake yasomwe kwa kipaza sauti kutoka kwenye karatasi iliyopigwa chapa, yenye picha yake: alizaliwa wapi, akasoma wapi, akaoa nani, akashika cheo gani kanisani, akaugua kwa muda mfupi, na mwisho kabisa kwamba tulimpenda lakini Mungu alimpenda zaidi. Wafiwa huwa hawana nguvu ya kuandika hayo yote, au wanazo lakini hawasemezani. Hapo ndipo alipoitwa Wakhungu. Alikuwa amepanga chumba Kitale, mtaa wa Mitume, ila chumba hicho kilimwona mara chache. Alilala kwa waliofiwa, akala kwa waliofiwa, na kwa kuwa penye msiba hapakosi chakula, alinenepa kwa huzuni za watu.

Zamani aliwahi kuwa chuo kikuu. Mwaka wake wa pili wanafunzi waligoma, chuo kikafungwa. Kilipofunguliwa tena, yeye alisahau kurudi.

Mkobani alibeba madaftari mawili. La kwanza lilikuwa la marehemu. La pili, la kurasa tisini na sita, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, lilikuwa la walio hai, na hilo hakumwonyesha mtu. Humo aliandika aliyoyaona kwa Wakenya wenzake wakati wa kungoja chai. Kwamba Mkenya akikwambia "niko hapa karibu" ujue ndio kwanza anatafuta soksi. Kwamba Mkenya hasemi hapana. Husema "tutaona," na nyote wawili mnajua hakuna atakayeona kitu. Kwamba ukimpa nafasi aseme machache, ataanza kwa kusema hana mengi, na jua litazama akiwa kwenye hayo hayo machache. Na kwamba huko Trans-Nzoia, ambako watu walimiminika kutoka kila upande kutafuta shamba, kila mmoja atakuapia kuwa kabila la ng'ambo ya ua ni wavivu na wezi; lakini ukisikia historia za marehemu wao huwezi kujua nani ni nani. Mbukusu, Mpokot, Mkikuyu, Mteso, wote walimcha Mungu, wote walipenda watu bila ubaguzi, wote waliamka alfajiri. "Makabila arobaini na mawili," aliandika siku moja akiwa ameketi juu ya gunia la mbolea, "lakini marehemu ni mmoja."

Ushahidi alikuwa nao. Suad, mwanamke aliyempigia chapa karatasi zake kule Bungoma, alikuwa na faili mbili kwenye kompyuta: ya marehemu mzee na ya marehemu mama. Kila wiki alibadilisha majina tu. Kuna wiki alifungua faili siyo, mzee mmoja wa Kwanza akazikwa akiwa mweka hazina wa umoja wa akina mama. Hakuna aliyeuliza. Akina mama ndio waliolia kuliko wote.

Basi mwezi wa kumi na moja simu ikalia. Alikuwa ni Levi, kaka yake mkubwa.

"Wakhungu, uko wapi?"

"Niko hapa karibu," akajibu Wakhungu, akiwa Kwanza.

"Kuja nyumbani. Papa ametuacha."

Alipakia baiskeli kwenye lori la mahindi lililokuwa likiteremka Bungoma, akapanda juu, akalala chali kwenye magunia. Barabara ilimbembeleza. Mawingu yalitoka upande wa Mlima Elgon, yakapita juu yake moja moja, meupe, mazito, hayana pa kwenda, na kwa muda mrefu Wakhungu hakulia wala hakuwaza. Aliyaangalia tu. Baadaye, karibu na kuingia Bungoma, ndipo alipotambua kwamba alikuwa akifanya kazi ya baba yake.

Maana Mzee Wepukhulu wa Sirisia kazi yake ilikuwa hiyo. Alikuwa na kiti cha turubai cha kukunja, alichoachiwa na mzungu mmoja wa Kitale aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao, na kiti hicho kilikaa uani kikiangalia mlima. Asubuhi mzee aliketi. Mke wake, Rispah, akipita na jembe begani alimwuliza kama atakuja, naye alinyoosha kidole mbinguni kwa upole: "Wacha hilo wingu lifike kwanza." Wingu lilifika. Nyuma yake lilikuwepo jingine. Watoto walipomsogelea aliwaonyesha ng'ombe wa mawinguni, treni ya mawinguni, padri aliyelala na viatu. Aliwaambia kwamba wingu likipita bila mtu wa kuliangalia ni hasara kwa nchi. Darasa la pili, mwalimu alipouliza kila mtoto baba yake anafanya kazi gani, Wakhungu alisimama wima akasema, "Baba yangu anaangalia mlima." Alisema kwa fahari, maana baba za wengine walikuwa wakulima tu.

Hata kufa, mzee hakukufanyia haraka wala kelele. Daktari alisema ni kama saa nne asubuhi. Nyumbani ilijulikana saa kumi. Rispah alirudi kutoka shambani na mzigo wa kuni, akamweleza habari za ng'ombe wa jirani, akamwuliza maswali mawili, akapika chai, akamwekea kikombe pembeni. Kutojibiwa hakukumshtua, alikuwa amezoea. Ni pale nzi alipoanguka kwenye chai na mzee asilalamike ndipo alipojua.

*

Kamati ya mazishi ilikaa Jumatano alasiri chini ya hema la buluu. Mwenyekiti alikuwa Wanyonyi, mdogo wa marehemu, karani mstaafu ambaye hawezi kunywa chai bila ajenda. Kando kidogo, kwenye kivuli cha ukuta, Rispah alikuwa akipeta wimbi kwa ungo. Wageni walikuwa wengi na uji haujipiki.

"Ajenda ya nne, historia ya marehemu," Wanyonyi akasema. "Wakhungu, wewe ndiyo fundi ya hiyo mambo. Rakini kamati inataka isikie kwanza."

Wakhungu akasimama, akasoma. "Mzee Wepukhulu hakuwa mtu wa kazi. Kwa miaka arobaini aliulinda mlima kwa macho, na katika muda huo wote mlima haukupotea hata siku moja."

Levi aliweka kikombe chini.

"Ati nini?" Levi akauliza.

"Nimeandika vile alikuwa."

"Bana, wewe si unajua mwaka ujao nasimama udiwani?"

"Najua. Picha yako iko mpaka kwa mlango wa choo."

"Sasa watu wataniuliza, mtoto wa mvivu atatuletea maji aje?"

"Waambie ni urithi. Papa hakutaka kufanya kazi, na wewe unataka kuwa diwani."

Mtu mmoja alicheka ndani ya kikombe, chai ikamtoka puani. Wanyonyi akagonga meza.

"Heshima, vijana! Wakhungu, mtu amerara hapo ndani harafu wewe unasema ati ni mvivu? Kwani ndugu yangu alikukosea wapi? Wewe umeandikia watu wa Kwanza uzuri, watu wa Kitale uzuri, baba yako ndiyo unamwekea ukweri? Andika mchapakazi. Na hiyo Mabanga usisahau."

Mabanga, kwenye chuo cha wakulima, mzee alikwenda kweli. Mwaka mmoja chifu alimtuma kwenye kozi ya wakulima, wiki nzima, akajifunza nafasi ya shimo hadi shimo na namna ya kuozesha mbolea. Alirudi na cheti na maoni mengi. Cheti alikitundika ukutani, akatoka nje, akaketi. Tangu hapo Rispah alilima huku akisahihishwa kutoka kwenye kiti.

Mjadala ulichukua vikombe vitatu vya chai. Mwishowe Wanyonyi alipigisha kura, akaandika kwa mkono wake mzuri wa ukarani: *Ilipendekezwa na Wanyonyi, ikaungwa mkono na Levi, kwamba marehemu alikuwa mchapakazi na mtaalamu wa kilimo. Waliokubali, kumi na mmoja. Aliyekataa, mmoja.* Wakati mikono ilipoinuliwa, ungo wa Rispah ulisimama hewani kwa muda wa pumzi moja, kisha ukaendelea. Hakuna aliyemwuliza. Hakuwa mwanakamati.

Wakhungu alimfuata mamake ukutani. "Mayi, na wewe unasemaje?"

"Wacha nimalize hii wimbi."

Ndivyo alivyosema sikuzote. Wacha nimalize kupalilia. Wacha nimalize kuvuna. Wakhungu alingoja kidogo, akaona wimbi bado ni tele, akaondoka.

Lakini hakutulia. Wale mia tatu na kumi na wawili alikuwa amewapaka sukari bila kusita, kwa kuwa hakuwajua. Huyu alimjua. Babake angezikwa mara moja tu, Jumamosi, na akizikwa na maneno ya kamati atakuwa amezikwa mtu mwingine, mtaalamu fulani mwenye jembe, na yule wa kwenye kiti, aliyejua padri wa mawinguni amelala na viatu, atakuwa hajawahi kuwepo.

*

Ijumaa asubuhi alitumwa Bungoma na maandishi ya kamati: karatasi mbili, zimegongwa muhuri wa zamani wa ukarani wa Wanyonyi ambao serikali ilisahau kuuchukua. Ofisi ya Suad ilikuwa chumba kimoja kando ya msikiti, kina kompyuta, mashine ya kunakili na harufu ya udi. Suad alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwepesi wa vidole na wa ulimi, naye alimwita Wakhungu kwa jina moja tu tangu miaka: Mzee wa Marehemu.

"Mzee wa Marehemu, karibu. Leo ni nani?"

"Ni babangu."

Suad aliondoa mikono kwenye kompyuta. "Innalillahi. Pole, ndugu yangu. Kaa hapo. Amekufa lini?"

"Jumatatu."

"Na mtamzika kesho?" Akatikisa kichwa. "Sisi kwetu mtu akifa saa nne, saa kumi yuko ndani ya mchanga. Hatupati hata wakati wa kumdanganyia."

Alizisoma zile karatasi, akafungua faili ya marehemu mzee, akaanza kufuta jina la mtu wa wiki iliyopita. "Alimcha Mungu, iko. Alipenda watu bila ubaguzi, iko. Mchapakazi, iko. Hapa naongeza tu Mabanga, si ndiyo? Hii ni kazi ya dakika mbili."

Na hapo stima ikapotea. Kioo cha kompyuta kikawa cheusi, na feni ikazunguka mara chache za mwisho kama inayokumbuka kitu. Nje mji ulipunguza sauti. Mwanga ulioingia mlangoni ulikuwa wa manjano na vumbi lilielea ndani yake taratibu, bila kushuka.

"Tungoje," Suad akasema. "Haya niambie, huyo mzee alikuwa mtaalamu kweli?"

Wakhungu akamwambia. Hakujua alianzia wapi. Alimwambia habari za kiti, na za mlima ambao asubuhi huwa wa buluu na jioni unakuwa wa zambarau, na namna mvua ilivyowahi kumkuta mzee akaikaribisha kwa kuvua kofia. Alimwambia kwamba mzee alijua mawingu ya Uganda na ya Kenya kwa mwendo: ya Uganda yanatembea kama watu waliotoka sherehe, ya Kenya kama watu waliochelewa na hawataki ionekane. Alimwambia kuhusu siku moja alipokuwa mdogo na homa, mzee akambeba nje na blanketi, akamlaza kifuani, wakakaa hivyo mchana kutwa, na alipoamka hakujua kama homa iliondoka au yeye ndiye aliyeondoka, akapanda, akawa anaitazama Sirisia kutoka juu, mabati yakimetameta, moshi ukinyooka, na mtu mmoja mdogo sana shambani akiinama na kuinuka, akiinama na kuinuka.

Suad alisikiliza kidevu kikiwa mkononi.

"Mashallah," akasema. "Mimi nimempenda huyo mzee. Sasa mlikuwa mnakula nini? Mawingu?"

"Ha?"

"Si umesema hakulima. Hiyo karo yako ya chuo ulichokimbia, hayo mahindi, huo uji. Yule mtu mdogo anainama huko chini, ni nani?"

Wakhungu aligeukia mwanga wa mlangoni. Vumbi liliendelea kuelea. Alikuwa amewaona Wakenya wote, kwa miaka minane, akawaandika soksi zao na machache yao. Alikuwa amemwangalia babake akiangalia mawingu. Na mara zote huyo mtu alikuwa pale ndani ya picha, akisogea, naye akamwacha apite kama unavyoachwa mti. Kamati ilitaka kumpa mzee kazi ya miaka arobaini. Hiyo kazi haikuwa imeokotwa. Ilikuwa ya mtu.

"Ni mamangu," akasema.

Stima ikarudi kwa mshtuko, feni ikaguna. Suad akaiangalia faili ya marehemu mzee, akamwangalia Wakhungu, akaifunga.

"Sema polepole," akasema. "Leo naandika mpya."

*

Jumamosi watu walijaa Sirisia mpaka kwenye ua wa jirani. Karatasi mia tatu ziligawanywa, na kwa kuwa Mkenya hapewi karatasi ya bure asiisome, vichwa mia tatu viliinama kabla Levi hajafika kwenye kipaza sauti. Alikuwa na suti nyeusi na sauti aliyoifanyia mazoezi.

"Mzee Wepukhulu alizaliwa hapa Sirisia," akaanza, "akasoma hadi darasa la nne. Alikwenda Mabanga kusomea kilimo. Aliporudi..." Macho yake yalitangulia mstari mmoja, yakarudi, yakamtafuta Wakhungu katikati ya watu. Lakini angefanya nini? Bibi mmoja mbele kabisa alikuwa akifuata kwa kidole, na kidole kilikuwa kimefika. Wanyonyi alikuwa akiipapasa mifuko yake akitafuta miwani.

"Soma, bana!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

Levi akasoma, sauti imeshuka. "Aliporudi, aliketi. Hakuwa mchapakazi. Alipenda mlima huu na mawingu yake kuliko mtu yeyote aliyewahi kuishi Sirisia, na aliwafundisha watoto wake kuangalia. Aliyelima ni Rispah. Aliyepanda ni Rispah. Aliyesomesha watoto ni Rispah, kwa mahindi na kwa mgongo wake. Kila alichokula mzee kilitoka mkononi mwake, na katika historia zote zilizosomwa kijijini hapa..."

Mwanamke mmoja alisema "Eeh!" kwa sauti kubwa. Mwingine akaitikia. Halafu upande mzima wa wanawake ukaguna kwa pamoja, mguno wa chini, mrefu, kama gari zito linalopanda kilima, na wengine walikuwa wakicheka huku wakifuta macho. Levi alikuwa na pua ya siasa. Aliupima huo mguno, akahesabu vitambaa vya kichwa, na kuanzia mstari uliofuata alisoma kwa kifua kizima, mkono hewani, kana kwamba ni yeye aliyeandika.

Alipomaliza, Rispah alisimama. Tangu Jumatatu hakuwa amelia. Alikuwa na wageni wa kulisha. Akaenda mbele kwa mwendo wake wa shambani, na Levi akampisha.

"Hiyo karatasi imesema ukweri," akasema. "Mimi ndiyo nilirima. Asanteni kwa kusema." Akakishika kipaza sauti kama mpini. "Rakini kuna kitu imesahau. Wakati nilizaa huyu Wakhungu nilikuwa mgonjwa sana. Wiki mbili sikuweza kusimama. Na shamba ilikuwa inangoja. Siku moja nikasikia jembe. Nikajua ni jirani. Jioni huyu mzee akaingia, miguu yote matope, akanibeba mpaka kwa dirisha. Akaniambia, angalia. Alikuwa amepanda njugu. Mistari ilikuwa imepinda, imepinda kabisa, imeenda hivi ikarudi hivi, kama mtu amepanda akiangalia juu." Watu walicheka, naye akacheka, na katikati ya kicheko uso wake ukavunjika. "Sikumwambia imepinda."

Alilia pale pale mbele ya watu, wazi, bila kujifunika, na hakuna aliyemkimbilia kwa kuwa ilionekana ni kazi aliyoianza na angeimaliza mwenyewe. Kisha akajifuta kwa khanga, akamtafuta mwanawe kwa macho.

"Wakhungu. Andika hiyo pia."

Wakhungu alikuwa tayari ameigeuza karatasi, ameiegemeza kwenye mgongo wa Wanyonyi. "Ngapi, Mayi? Alipanda mistari ngapi?"

"Miwili," Rispah akasema. "Usiongeze."